Tusiseme Hawana Mwamko

Hotuba hii kuhusu kupima saratani niliitoa mbele ya wahudumu wa afya ya jamii, viongozi wa dini, vikundi vya akina mama na majirani waliokuja kusikiliza. Wengi walioalikwa hawakuweza kufika, wakaomba niiandike yote kama ilivyosemwa. Picha zilizokuwa zikionyeshwa ukutani nimeziacha.

Wazee wangu mlioketi mbele, shikamooni. Mama zangu, baba zangu, vijana mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti, asanteni kwa kuja. Najua wapo walioacha kazi leo ili wawe hapa, na siku moja bila kazi si kitu kidogo.

Mimi ni muuguzi. Nimefanya kazi hii miaka 26, na kati ya hiyo miaka 17 nimekuwa kwenye chumba cha kupima saratani ya mlango wa kizazi. Naomba nianze na maneno ambayo nimeyasikia kila walipokutana wataalamu: "Watu wetu hawana mwamko." Tunaweka huduma, hawaji. Tunatangaza, hawaji. Hawana mwamko. Nakiri mbele yenu kwamba hata mimi niliyasema, tena kwa miaka mingi, mpaka siku moja mama mmoja akaninyamazisha.

Mama huyo alikuja akiwa anatokwa na damu. Nilipomchunguza niliona kitu ambacho kilipaswa kuonekana miaka mingi nyuma. Nikamwuliza, na sauti yangu ilikuwa ya lawama, "Mama, mbona hukuja mapema?" Hakunijibu. Alifungua mkoba, akatoa daftari la shule la mtoto, limekunjwa katikati, akafunua ukurasa wa mwisho. Palikuwa na tarehe 3 zimeandikwa kwa kalamu, na pembeni ya kila tarehe nauli aliyolipa. Nauli zile alizikopa, ndiyo maana aliziandika. Tarehe ya kwanza aliambiwa vifaa havijachemshwa, arudi wiki ijayo. Tarehe ya pili muuguzi anayepima alikuwa kwenye semina. Tarehe ya tatu aliingia ndani, akavua, akapanda kitandani, akalala. Mara mlango ukafunguliwa na mtu aliyekuwa anatafuta faili, na nyuma ya mtu yule benchi zima la watu likamwona. Akateremka, akavaa, akaenda zake.

Akalikunja lile daftari, akaniambia, "Mimi nilikuja. Nyie ndio hamkuwepo."

Ndugu zangu, huyo mama alikosa mwamko gani? Aliyekopa nauli mara 3, mwamko upi tena tulikuwa tunamdai?

Tangu siku ile, nikisikia mtu anasema watu fulani hawaji kupima, namwuliza maswali. Kituo kiko umbali gani? Kinafunguliwa saa ngapi, na saa hizo watu wako wapi? Akija na mtoto mgongoni, nani atampokea mtoto? Anayepima anazungumza lugha anayoielewa huyu mama? Asiyeona vizuri, anayetembea kwa magongo, anapandaje kile kitanda? Na mlango, je, unafungika? Mlango mmoja usiofungika unaweza kuwafukuza wanawake wengi kuliko tangazo lolote litakalowaita.

Sasa nizungumze na nyie mnaoogopa, kwa sababu hofu nayo ipo na siwezi kuipita kama siioni.

Bibi mmoja aliwahi kuniambia, "Mwanangu, kilicholala usikiamshe." Alimaanisha kwamba ukienda kupima unautafuta ugonjwa, na ukiutafuta utaupata. Naiheshimu hofu ya bibi yule. Watu wengi katika jamii zetu hawajawahi kumwona mgonjwa wa saratani aliyepona, maana waliowaona walifika hospitali mwishoni, wakarudi nyumbani kufa. Ukiona hivyo mara 5, mara 6, lazima uamini kwamba hospitali ndiko saratani inakoanzia.

Lakini saratani ya mlango wa kizazi ina tabia moja ambayo laiti kila nyumba ingeijua. Inakwenda polepole. Karibu zote husababishwa na kirusi kinachoitwa HPV, kinachoambukizwa hasa kwa kujamiiana, ambacho watu wengi hukipata wakati fulani wa maisha yao na mwili ukakiondoa wenyewe. Kisipoondoka, huanza kubadilisha seli za mlango wa kizazi, na kutoka mabadiliko hayo hadi kuwa saratani hupita kwa kawaida miaka 15 hadi 20. Kwa mwanamke ambaye kinga yake imeshuka na hapati matibabu, kama anayeishi na virusi vya Ukimwi bila dawa, inaweza kuwa miaka 5 hadi 10. Ugonjwa gani mwingine unakupigia hodi miaka yote hiyo? Bibi yangu, kile unachosema kimelala, hakikulala. Kinakua. Ila kinakua taratibu mno, na tukikikuta kingali kidogo tunakiondoa kabla hakijapata hata jina la saratani.

Ngoja niwaeleze tunavyofanya mle chumbani, maana kisichojulikana ndicho kinachotisha. Unalala, unafunikwa shuka. Napitisha kifaa cha kupanulia uke, ni baridi kidogo, unasikia kubanwa lakini si maumivu makali. Nachovya pamba kwenye siki iliyopimwa ukali wake, naigusisha kwenye mlango wa kizazi. Ndiyo, siki. Kisha nasubiri dakika 1. Dakika ile mara nyingi nawauliza akina mama habari za watoto. Kama seli ziko sawa, sehemu ile inabaki na rangi yake ya waridi. Kama kuna mabadiliko, panatokea baka jeupe, na mara nyingi baka hilo naweza kulitibu siku hiyo hiyo, kwa kifaa cha joto au kwa tiba mgando, yaani kuligandisha kwa baridi kali. Unateremka kitandani, unavaa, unarudi nyumbani kwa miguu yako. Wapo walioniuliza, "Ndiyo tayari?" Ndiyo, mama, tayari.

Kuna waliokataa kuamini kwamba kutibu mabadiliko haya kunaokoa mtu. Nitawasimulia yaliyotokea New Zealand, na ni habari chungu. Kuanzia mwaka 1966, katika hospitali kubwa ya wanawake mjini Auckland, daktari mmoja hakuamini kwamba mabadiliko haya yanageuka saratani. Wanawake aliowakuta nayo akawa anawaangalia tu, mwaka baada ya mwaka, bila tiba kamili, na wengi wao hawakuambiwa kwamba wamo kwenye utafiti. Habari zilipofichuka mwaka 1987, serikali iliunda tume chini ya jaji Silvia Cartwright, na mwaka uliofuata ukweli wote ukawekwa mezani. Baadaye watafiti walirudi kwenye mafaili wakahesabu. Kati ya wanawake walioachwa bila tiba ya kutosha, takriban 31 katika kila 100 walipata saratani ndani ya miaka 30. Waliotibiwa ipasavyo, hawakufika hata 1 katika kila 100.

Thelathini na mmoja. Na chini ya mmoja.

Namba hizo zimelipiwa na miili ya wanawake ambao hawakuulizwa. Ndiyo maana nawaomba wenzangu wa hospitali: mtu anapotuambia kwamba yeye hatuamini, tusimkasirikie. Anazo sababu. Mwaka 1951 Marekani, mama mmoja mweusi, Henrietta Lacks, alitibiwa saratani hii hii ya mlango wa kizazi. Seli za uvimbe wake zilichukuliwa bila ridhaa yake, akafa mwaka huo huo akiwa na miaka 31, na seli zake zinatumika kwenye maabara za dunia hadi leo. Familia yake ilikaa zaidi ya miaka 20 bila kujua. Unataka watu waamini upesi upesi? Imani hulipwa kidogo kidogo, kwa kumwambia mtu kila unachomfanyia kabla hujamgusa, na kwa kukubali akisema hapana. Akisema hapana leo na ukamheshimu, kesho anaweza kurudi. Ukimlazimisha, hutamwona tena, wala dada zake hutawaona.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ndilo hasa limenileta hapa, na nitakaa nalo kidogo.

Nini kinamfanya mtu aje? Tangazo la redio linasaidia. Bango linasaidia. Lakini katika miaka yangu 17, nikimwuliza mama aliyekuja mara ya kwanza, "Umejuaje habari zetu?", jibu karibu kila mara ni mtu. "Shemeji aliniambia." "Jirani alinileta." "Yule dada wa afya alikuja nyumbani mara 2, mara ya tatu nikaona haya, nikavaa nikatoka naye." Mtu huletwa na mtu.

Mjini New York, mtaa wa Harlem, kulikuwa na daktari mpasuaji, Harold Freeman. Alishika kisu miaka mingi akiwapasua wanawake maskini wenye saratani ya matiti, na akachoka kuwapokea wamechelewa. Alipotazama kumbukumbu za wagonjwa 606 waliotibiwa hospitalini kwake kati ya 1964 na 1986, aliona karibu nusu walifika saratani ikiwa hatua ya 3 au ya 4, zile za mwisho. Waliofikisha miaka 5 wakiwa hai walikuwa asilimia 39 tu. Alifanya nini? Tayari alikuwa amefungua huduma ya kupima ambayo hata asiye na kitu aliweza kuifikia. Kisha mwaka 1990 akaongeza kitu ambacho hakuna mashine inayokifanya: aliweka wasindikizaji. Watu wa kawaida wa jamii ile ile, kazi yao kumshika mkono mwanamke aliyekutwa na uvimbe na kutomwachia. Kama ni fomu, wanajaza naye. Kama ni nauli, wanaitafuta. Kama ni hofu, wanakaa naye. Wanawake waliotibiwa pale kati ya 1995 na 2000, waliofikisha miaka 5 walikuwa asilimia 70.

Kutoka 39 hadi 70. Mtaa ule ule, hospitali ile ile. Dawa nazo zilikuwa zimeboreka kidogo, sitawaficha, lakini dawa haimsaidii aliyefika amechelewa. Hawa walifika mapema, na walifika kwa sababu mlango ulikuwa wazi na kulikuwa na mtu wa kuwapeleka.

Na msidhani kazi hii inataka digrii. Mwaka 1998 hospitali ya Tata Memorial ya Mumbai, India, ilianza kuwapima kwa siki wanawake wa mitaa ya mabanda. Utafiti uligusa wanawake zaidi ya 150,000. Waliokuwa wakipima ni wanawake wenye elimu ya darasa la kumi, wakafundishwa kwa wiki chache. Vifo vya saratani ya mlango wa kizazi vikapungua kwa asilimia 31 kwenye kundi lililopimwa. Kundi la pili lilipewa elimu tu, halikupimwa, na jambo hilo limelaumiwa sana. Hata mimi linaniuma. Lakini uwezo wa wale wanawake wa darasa la kumi hakuna aliyeweza kuubishia. Nyie mliokaa hapa na mifuko yenu ya kazi, mnaweza. Mnaweza kabisa.

Sasa nieleze aibu yangu mwenyewe, maana kusindikiza hakuishii kwenye kupima. Kituo kimoja nilichofanyia kazi, tulihamisha ofisi. Nikavuta droo ya chini ya meza nikakuta bahasha 38. Majibu. Majibu ya wanawake waliopimwa, wakaambiwa watapigiwa simu, wakangoja. Wengi wao hawakuwa na tatizo. Sita walikuwa na mabadiliko yanayohitaji tiba, na bahasha ya zamani kuliko zote ilikuwa na miezi 11. Tulitoka mimi na mhudumu mmoja wa jamii, tukatembea nyumba kwa nyumba. Watano tuliwapata, wakatibiwa. Wa sita alikuwa amehama, majirani hawakujua alikohamia, na simu yake haikupatikana. Sura yake siikumbuki. Jina lake silisahau.

Kwa hiyo nawaambia wasimamizi wa huduma mliopo: kama hamjajipanga kutoa majibu, msipime. Kama hamjui mwenye mabadiliko atatibiwa wapi na kwa nauli ya nani, msipime kwanza, jipangeni. Kumpima mtu ukamwacha na majibu kwenye droo ni kumvunja moyo yeye na ukoo wake mzima.

Baba zangu, nanyi sijawasahau. Siku moja alinijia mume wa mama mmoja, amekunja karatasi ya majibu mkononi, macho mekundu. HPV imeonekana kwa mkewe. "Nani amempa?" Nilimkalisha. Nilimweleza kwamba kirusi hiki kinaweza kukaa mwilini miaka mingi kimya, kwamba wanaume wengi tunacho au tulishawahi kuwa nacho bila dalili yoyote, na kwamba karatasi ile haiwezi kumwambia kilitoka wapi wala lini. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza, "Sasa atibiwe lini?" Hilo ndilo swali, baba zangu. Karatasi ya HPV si ushahidi wa usaliti. Ukiigeuza kuwa kesi, mkeo atatibiwa kwa kujificha, au hatatibiwa kabisa. Na binti zenu, kabla hawajafika umri wa miaka 15, chanjo ya kirusi hiki ipo. Wapelekeni.

Na miili yenu je? Saratani ya utumbo mpana inawapata wanaume na wanawake, na mahali penye huduma kipimo chake cha kwanza ni kinyesi kidogo tu unachokichukua mwenyewe nyumbani, maabara ikatafuta damu isiyoonekana kwa macho. Kuhusu tezi dume, zungumzeni na daktari kuhusu umri wenu na historia ya ukoo wenu, maana kipimo kile cha damu kina faida na kina hasara zake, na ni haki yako kuzijua zote mbili kabla ya kunyoosha mkono.

Matiti, nitasema kwa kifupi. Uvimbe mpya, ngozi iliyobonyea, chuchu inayotoa damu, usisubiri mpaka maumivu yaanze. Uvimbe usiouma ndio unaodanganya wengi. Shirika la Afya Duniani linataka kuanzia siku ya kwanza unapofika kituoni hadi kujua ni nini hasa zisipite siku 60. Zikipita, ulizeni. Mna haki ya kuuliza.

Shirika hilo hilo liliweka malengo mwaka 2020 ya kuitokomeza saratani ya mlango wa kizazi. Ifikapo 2030, wasichana 90 katika kila 100 wawe wamechanjwa, wanawake 70 katika kila 100 wawe wamepimwa wakifika miaka 35 na tena wakifika 45, na 90 katika kila 100 waliokutwa na tatizo wawe wametibiwa. Mwaka 2022 saratani hii iliua wanawake wapatao 350,000 duniani, na 94 katika kila 100 kati yao walikuwa wa nchi za kipato cha chini na cha kati. Katika kila 100 wa kupimwa, sitini na tano au sabini wa kwanza ni rahisi kuwapata. Wanakaa karibu na barabara, wana simu, wana wa kuwaachia watoto. Nawaomba mfikirie wa mwisho. Yule wa mwisho kabisa, ambaye tangu azaliwe hajaingia chumba cha uchunguzi. Nani anajua nyumba yake? Nyie. Hakuna mtu ofisini anayeijua.

Na kwa ajili yake kuna habari njema. Kipimo cha HPV mwanamke anaweza kujichukulia mwenyewe. Kijiti laini chenye pamba, anajifungia, anakizungusha, anakirudisha kwenye kichupa. Hakuna wa kumwangalia. New Zealand, nchi ile ile niliyowasimulia, tangu Septemba 2023 wanawake wake wanachagua kujichukulia sampuli wenyewe. Wanawake waliotendewa vile, leo kijiti kiko mikononi mwao. Kwa wengi, Shirika la Afya Duniani linasema kipimo hicho kianze miaka 30 na kirudiwe baada ya miaka 5 hadi 10. Anayeishi na virusi vya Ukimwi aanze miaka 25, arudie kila miaka 3 hadi 5.

Nimeongea sana, na najua baadhi yenu mnatazama ule mlango wa kushoto. Ndiyo, ndicho chumba. Tukimaliza hapa kitakuwa wazi hadi jioni. Kuna wauguzi 2, wote wanawake. Anayetaka kujichukulia sampuli, vijiti vipo. Anayetaka kipimo cha siki, akikutwa na baka linalotibika hapa atatibiwa leo; likihitaji hospitali kubwa, ataondoka na jina la mtu atakayekwenda naye. Watoto, waacheni kwa wale mama wawili waliovaa kanga za bluu.

Na asubuhi, kabla hamjafika, niliingia mle ndani nikafunga kitasa, nikamwomba mwenzangu ausukume mlango kutoka nje. Alisukuma mara 3. Haukufunguka.

Asanteni.